Kabla ya kushika koleo

Simenti iliyojenga hospitali ya wilaya pale Suguti na simenti inayoweza kuokoa jino la mgonjwa atakayetibiwa humo ni za ukoo mmoja. Ya kwanza huja kwenye mifuko ya kilo 50 na inajulikana kwa jina la Portland. Ya pili huja kwenye kipakiti kisichozidi gramu moja, bei yake ikiwa ya kutisha ukiilinganisha na uzito, nasi wa fani ya meno tunaiita MTA. Robo tatu ya unga huo ni Portland iliyosafishwa. Sehemu moja ya tano ni oksidi ya bismathi, iliyotiwa ili dawa ionekane kwenye eksirei, na kinachobaki ni jasi. Aliyeileta kwenye tiba ya meno ni Mahmoud Torabinejad wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo kila kongamano la meno lina mjadala uleule: dawa ipi ni bora ya kufunikia kiini cha jino kilichofunuliwa na uozo au ajali?

Ni swali la maana, lakini kwa maoni yangu tumelipa nafasi ya kwanza wakati lilistahili ya tatu. La kwanza ni hali ya kiini chenyewe siku mgonjwa anapofika. La pili ni kama bakteria wamezuiwa kuingia baada ya tiba. Dawa inakuja baada ya hayo mawili, kwa sababu kinachoponya ni seli za kiini. Dawa huzipa nafasi ya kufanya kazi au huzinyima. Mkoa wetu wa Mara hautakuwa na fedha ya kununua kila kinachotoka kiwandani, kwa hiyo mpangilio huu wa maswali ndio unaoamua tununue nini na tuwafundishe nini matabibu wetu.

Suguti ni kata ya Musoma Vijijini, mkoani Mara, karibu na mahali mto wenye jina hilohilo unapoingia Ziwa Victoria. Watu wanavua dagaa, sangara na sato, wanalima muhogo, wanafuga. Jino likianza kuuma, safari yake inafahamika. Kwanza ni kuvumilia. Kisha panadol, kisha karafuu inayosukumwa ndani ya tundu, kisha dawa ya kuua vijidudu iliyonunuliwa dukani bila cheti. Uvumilivu ukiisha, bodaboda hadi kwenye gari na gari hadi Musoma mjini. Mgonjwa anaketi kwenye kiti akiwa amelala vibaya usiku kadhaa, na neno lake la kwanza ni, "Daktari, ling'oe tu." Kwa wengi ombi hilo ni sahihi, kwa sababu kiini kimekwisha kufa na usaha umefika kwenye mfupa, na matibabu ya mzizi wa jino yako mbali au hayalipiki.

Lakini kuna kundi jingine, na ndilo linaloniuma. Ni jino ambalo soda baridi inalishtua kwa sekunde chache kisha maumivu yanakatika. Halimwamshi mtu usiku. Tundu ni kubwa na linatisha kulitazama, ila kiini, kile ambacho wengi wanakiita mshipa, bado kiko hai. Meno ya namna hii yanang'olewa kila siku kwa koleo lilelile linalong'oa yaliyokufa, na mengi kati yake ni gego la kwanza la mtoto wa miaka tisa au kumi, jino ambalo alipaswa kutafunia miaka 60 ijayo.

Nirudi kwenye karafuu, maana inaeleza jambo ambalo vitabu vingi vinalipitia haraka. Karafuu ya Unguja na Pemba ina mafuta yaitwayo yujenoli. Yakikaa juu ya dentini, yaani ile sehemu ngumu iliyo chini ya enameli, hupenya kwa kiasi kidogo sana kupitia vijitundu vyake, yanafika kwenye kiini yakiwa yamepungua nguvu, na yanatuliza neva. Bibi aliyemsukumia mjukuu karafuu hakukosea kuhusu maumivu. Madaktari wa meno nao walichanganya yujenoli na oksidi ya zinki wakapata dawa ya kuziba kwa muda iliyotumika duniani kote. Ila ukiiweka dawa hiyohiyo juu ya kiini kilicho wazi, bila dentini katikati, mambo yanageuka. Seli zilizoguswa zinakufa, uvimbe unakuwa wa kudumu, na ukuta mpya wa dentini haujengeki. Dawa ni ile ile na kiini ni kile kile, kilichobadilika ni unene wa dentini unaovitenganisha. Nusu milimita ya dentini iliyobaki inaweza kuwa na thamani kuliko dawa yoyote iliyoko kabatini.

Pembezoni mwa kiini, zikiwa zimejipanga safu chini ya dentini, kuna odontoblasti. Hizi ndizo seli zilizojenga dentini wakati jino linaota, na kila moja ina mkia unaoingia ndani ya kijitundu cha dentini. Hazigawanyiki tena. Uozo ukikaribia polepole huwa zinashtuka na kuongeza dentini upande wa ndani, zikirudi nyuma huku zikiacha ukuta. Uozo ukija kwa kasi, au drili ikizifikia, zinakufa na hazirudi. Ndipo kazi inapohamia kwa seli nyingine zilizolala ndani ya kiini, hasa kandokando ya mishipa midogo ya damu. Mwaka 2000 Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao, wakifanya kazi katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walizitoa seli hizo kwenye magego ya mwisho ya watu wazima na kuonyesha kwamba ni seli shina: zinaweza kuzaliana na kugeuka kuwa seli zinazotengeneza kitu kinachofanana na dentini.

Swali likawa: nani anaziamsha? Jibu moja lilitoka Birmingham, Uingereza, kwenye maabara ya Anthony Smith. Dentini, tuliyokuwa tukiiona kama jiwe tu, imehifadhi ndani yake protini zilizofungiwa humo tangu ilipojengwa, mojawapo ikiwa TGF-beta 1. Dawa yenye alikali kali ikigusa dentini inazilegeza baadhi ya protini hizo, zinashuka kwenye kiini na kuziita seli shina. Jibu la pili lilitoka Marseille, Ufaransa, kwa Imad About na wenzake. Wao waligundua kwamba fibroblasti za kiini, seli za kawaida kabisa zinazojaza nafasi, zikiumizwa hutengeneza protini za komplimenti, zile tulizozoea kuzisoma kwenye somo la kinga ya mwili. Kipande kimoja cha protini hizo, C5a, huzivuta seli shina kuelekea mahali penye jeraha. Ninapomweleza tabibu kijana habari hii huwa namwomba aitafakari kabla hajachukua drili: tishu iliyo chini ya mkono wake ina ulinzi wake na mafundi wake, na vyote vimeanza kazi kabla yeye hajafungua kipakiti.

Kwa miaka mingi kilichofunika kiini kilikuwa chokaa. Mwaka 1920 Mjerumani B. W. Hermann alianzisha haidroksaidi ya kalsiamu katika tiba ya meno, yaani chokaa iliyozimwa, ikiwa imetayarishwa kwa usafi wa kitabibu. Alikali yake inafika pH ya 12.5. Inapogusa kiini inaunguza tabaka jembamba la juu. Chini ya tabaka hilo lililokufa panatokea uvimbe mdogo, seli za ulinzi ziitwazo makrofaji zinasafisha, seli shina zinasogea na kujishikiza, na baada ya wiki kadhaa panaonekana ukuta mgumu. Mwanzoni ukuta huo ni wa ovyo ovyo, una seli zilizonaswa ndani, hauna mpangilio. Baadaye, mambo yakienda vizuri, unapata vijitundu na kuanza kufanana na dentini ya kawaida.

Tatizo la chokaa ni kwamba inayeyuka. Miezi inavyopita inapungua chini ya kizibo, inaacha uwazi, na ukuta uliojengwa chini yake mara nyingi una mapango. Charles Cox na wenzake walipokata kuta hizo na kuzitazama kwa hadubini walikuta nyingi zimetobolewa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kizibo kikivuja, bakteria wanapita kwenye uwazi, wanapita kwenye mapango, wanafika kwenye kiini ambacho daktari aliamini amekifunga.

Hapo ndipo ukoo wa simenti ulipoleta tofauti. Silikati ya kalsiamu iliyo ndani ya simenti hizo ikikutana na maji inajenga mwili mgumu, na wakati huohuo inatoa haidroksaidi ya kalsiamu. Kwa maneno mengine, MTA ni chokaa ileile, safari hii ikitoka kidogo kidogo kwenye kitu kisichoyeyuka. Ioni za kalsiamu zinazotoka zinakutana na fosfati ya mwilini na kuunda fuwele zinazoshikamana na dentini. Inaganda palipo na unyevu, hata palipo na damu kidogo, jambo ambalo vizibo vingine vingi haviliwezi. Kasoro zake nazo zinajulikana. Inachukua karibu saa tatu kuganda. Na ile bismathi yake, ikikutana na haipokloriti ya sodiamu tunayooshea damu, inageuka nyeusi na kulitia jino kivuli cha kijivu. Ndiyo maana kwa jino la mbele la binti mdogo ningetafuta simenti yenye zirkoniamu badala ya bismathi, mfano Biodentine ya Septodont ya Ufaransa, ambayo inaganda kwa takriban dakika 12.

Nisieleweke vibaya na mtu mwenye mfuko wa simenti stoo. Ya ujenzi haikutengenezwa kuingia mwilini. Haijapimwa madini mazito kama aseniki na risasi kwa kiwango cha dawa, chembe zake hazina ukubwa mmoja, na haionekani vizuri kwenye eksirei.

Sasa nifike kwenye takwimu mbili ambazo kwangu zina uzito kuliko makala mia za maabara. Mwaka 1978 Miomir Cvek wa Stockholm alichapisha matokeo ya meno ya mbele 60 ya watoto na vijana yaliyovunjika kwa ajali mpaka kiini kikaonekana. Alikata milimita mbili hivi za kiini, akaweka chokaa, akaziba. Asilimia 96 yalipona. Mwaka 2010 Lars Bjørndal na wenzake wa Denmark na Uswidi walichapisha matokeo ya watu wazima ambao viini vyao vilifunuliwa wakati uozo mzito unachimbwa. Waliofunikwa kwa chokaa, baada ya mwaka mmoja waliobaki na kiini hai kisicho na maumivu walikuwa asilimia 31.8 tu. Waliokatwa sehemu ya kiini kwanza walikuwa asilimia 34.5.

Dawa ni ya ukoo mmoja. Kwa Cvek karibu wote walipona, kwa Bjørndal theluthi moja tu. Ndiyo, umri ulitofautiana, na jino changa lina damu nyingi na seli shina nyingi kuliko la mtu wa miaka 40. Ila tofauti kubwa iko kwa bakteria. Jino lililovunjika kwa kuanguka lina kiini kilichokuwa na afya dakika moja kabla ya ajali. Jino lililooza kwa miaka miwili lina kiini kilichokuwa kikipigana kwa miaka miwili.

Ushahidi wa hili ulikuwepo tangu 1965. Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, huko Bethesda, Marekani, walitoboa magego ya panya hadi kwenye kiini na kuyaacha wazi bila dawa yoyote, chakula kikijaa ndani. Baadhi ya panya walikuwa wa kawaida. Wengine walikuwa wamezaliwa na kulelewa katika mazingira yasiyo na kijidudu hata kimoja. Panya wa kawaida viini vyao viliharibika na kufa, usaha ukajaa. Wale wasio na bakteria, kufikia wiki ya tatu na ya nne walikuwa wamejenga ukuta wa dentini juu ya jeraha, wenyewe, chini ya mabaki ya chakula. Hakuna aliyewafunika kwa chochote.

Kwa nini basi MTA inashinda chokaa kwenye majaribio? Inashinda kweli. Thomas Hilton na mtandao wa kliniki za kawaida za kaskazini-magharibi mwa Marekani walichapisha mwaka 2013 matokeo ya miezi 24: chokaa ilishindwa kwa asilimia 31.5, MTA kwa asilimia 19.7. Vipande vya meno ya binadamu vilivyotazamwa kwa hadubini vinaonyesha ukuta mnene zaidi, mapango machache na uvimbe mdogo chini ya MTA. Mimi nasoma matokeo hayo hivi: MTA inaziba vizuri zaidi, na haiumizi zaidi ya inavyolazimika. Yenyewe haijengi dentini. Domenico Ricucci na wenzake waliandika mwaka 2014 kwamba ukuta unaojengwa baada ya odontoblasti kufa mara nyingi ni kovu gumu zaidi kuliko dentini halisi. Nakubaliana nao, na sioni aibu katika hilo. Mkulima wa Suguti hahitaji dentini ya kitabuni. Anahitaji kovu lisilovuja.

Maabara nazo zinahitaji kusomwa kwa makini, hasa siku hizi ambapo kila kampuni inakuja na karatasi yenye michoro. Kipimo cha kawaida kiko hivi. Seli za kiini zinatolewa kwenye gego lililong'olewa, zinakuzwa kwenye chupa, zinagawanywa kwenye vijishimo vya sahani ya plastiki. Dawa inayopimwa inalowekwa kwenye maji ya lishe, na seli zinamwagiwa maji hayo kwa saa 24, 48 au 72. Kisha inatiwa rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Zambarau ikikolea, seli nyingi ziko hai. Baada ya wiki mbili au tatu inatiwa rangi nyekundu ya alizarini, na madoa mekundu yanaonyesha palipowekwa kalsiamu.

Ni kazi nzuri na ya lazima, nami nimejifunza mengi kutoka kwayo. Lakini angalia kilichokosekana ndani ya sahani. Hakuna damu inayopita na kuondoa sumu. Hakuna dentini katikati. Hakuna makrofaji. Zaidi ya yote, hakuna bakteria. MTA ambayo haijaganda inaweza kuua seli nyingi kwenye sahani, na ileile ikiwekwa mdomoni kiini kinaishi, kwa kuwa damu inatuliza alikali na kubeba kinachozidi. Kinyume chake kimetokea pia, na kwa gharama kubwa zaidi. Gundi za resini zilipowekwa moja kwa moja kwenye viini vya nyani, matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Zilipowekwa kwenye meno ya binadamu, uvimbe ulidumu na chembe za resini zikakutwa ndani ya kiini zimezungukwa na makrofaji. Kwa hiyo mwuzaji akikuonyesha mchoro wa zambarau, muulize meno ya binadamu mangapi yamefuatiliwa, kwa muda gani, na yalikuwa yameoza au yalikuwa mazima.

Sehemu ambayo natamani kila mtunga sera wa mkoa aisome inahusu Tanzania yenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi na shule ya meno ya Dar es Salaam, alianza kutibu meno yaliyooza vijijini bila umeme wala drili. Alitumia vyombo vya mkono kufungua tundu na kukwangua sehemu laini, kisha akaziba. Njia hiyo ikaitwa ART, ikapelekwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Leo inafundishwa Brazil, Uholanzi na China. Ilianzia hapa kwetu, na bado zahanati nyingi za hapa kwetu hazina vyombo vyake.

Uhusiano wake na seli za kiini ni wa moja kwa moja. Kwa miaka mingi tulifundishwa kuchimba mpaka dentini yote laini iishe, hata kama tunatoboa kiini. Sasa tunajua kwamba juu ya kiini panaweza kuachwa tabaka la dentini laini, mradi kingo za tundu ziwe ngumu na safi ili kizibo kishike. Bakteria waliofungiwa humo wanakosa sukari, wengi wanakufa na waliobaki wanadhoofika, na odontoblasti zilizo chini zinapata muda wa kuongeza ukuta. Kundi la Marisa Maltz la Porto Alegre, Brazil, lililinganisha njia hii, inayomalizika siku moja, na ile ya zamani ya kuchimba kwa awamu mbili, mgonjwa akirudi baada ya miezi kadhaa. Baada ya miaka mitatu viini vilivyobaki hai vilikuwa asilimia 91 kwa waliomaliza siku moja na asilimia 69 kwa awamu mbili. Sehemu kubwa ya walioshindwa katika awamu mbili ni watu ambao hawakurudi.

Watu ambao hawakurudi! Nani anayefanya kazi Musoma, Bunda au Butiama asiyewajua? Nauli ilikosekana, mvua ilinyesha, msimu wa uvuvi ulianza, maumivu yaliisha. Tiba inayotegemea safari ya pili imeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kizibo kinachoendana na tiba hiyo ni glasi ionoma, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Inashikamana na jino yenyewe, inatoa floraidi, haihitaji taa ya kukaushia. Ubora wake unategemea mkono wa tabibu. Unga na maji yake vinachanganywa kwenye karatasi kwa muda mfupi, na mchanganyiko unatakiwa uingie ndani ya tundu ungali unang'aa. Ukifubaa kabla haujaingia, utupe, uchanganye mwingine, hata kama stoo imebaki chupa moja, kwa kuwa uliofubaa hautashika jino na bakteria watapita pembeni. Ukishajaza, kidole chenye glavu kilichopakwa vaselini kinakandamiza juu kwa sekunde kadhaa ili dawa isukumwe kwenye kila pembe. Nimeona vizibo vizuri vikitoka mikononi mwa tabibu wa meno ambaye umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Inabaki hali ambapo kiini kimefunuka licha ya tahadhari zote. Kinaonekana kama nukta nyekundu ya milimita moja hivi, na damu inachuruzika. Wakati huo macho yafanye kazi kabla ya mikono. Weka pamba iliyoloweshwa haipokloriti ya sodiamu iliyopimwa kwa matumizi ya meno, isiyo ya kufulia, na tazama saa. Damu nyekundu angavu inayokatika ndani ya dakika tano inakwambia kwamba uvimbe uko juu juu na seli za chini zina nguvu. Funika kwa simenti ya silikati ya kalsiamu, kisha juu yake kizibo cha kudumu siku hiyohiyo, usimwambie mgonjwa aje wiki ijayo. Damu nzito, nyeusi, isiyokatika hata baada ya dakika kumi, inakwambia kwamba uvimbe umeshuka. Kata sehemu ya kiini ya juu, tazama tena. Ikiendelea, hakuna unga wa Marekani wala wa Ufaransa utakaookoa kilichobaki, na heshima kwa mgonjwa ni kumweleza hivyo: "Mama, hili limechelewa, tuchague kutibu mzizi au kung'oa." Mwaka 2019 Jumuiya ya Ulaya ya Endodontolojia ilitoa mwongozo unaokwenda njia hii, ukipendekeza silikati ya kalsiamu na mpira wa kutenga jino na mate. Mpira huo ni wa bei nafuu kuliko MTA, nao unaonekana kwenye kliniki zetu mara chache kuliko MTA yenyewe. Kwangu hilo ni kosa la mpangilio wa manunuzi, na linarekebishika.

Ningepewa bajeti ya meno ya wilaya moja ya Mara, ningeanza na vyombo vya mkono na glasi ionoma kwa kila kituo cha afya, na mafunzo ya wiki moja kwa kila tabibu juu ya lini aache kuchimba. Mipira ya kutenga jino ingefuata. Vipakiti vichache vya silikati ya kalsiamu vingekaa hospitali ya wilaya, kwa ajili ya watoto na vijana wenye gego lililofunuka au jino la mbele lililovunjika shuleni, kwa sababu hao ndio wenye viini vinavyolipa kila shilingi. Mtu mzima mwenye uozo wa miaka mingi na maumivu ya usiku nisingemwekea MTA ya kufunika nikijua kiini chake kimeshashindwa.

Jino lililofunikwa linapaswa kutazamwa tena baada ya miezi sita na baada ya mwaka, maana kiini kinaweza kufa kimya kimya. Kipimo chake hakihitaji mashine. Barafu iliyogandishwa ndani ya kifuniko cha sindano inagusishwa kwenye jino, na mgonjwa anasema kama amehisi baridi na kama hisia imekatika haraka. Eksirei ya mwaka mmoja inaweza kufanyika hospitalini, lakini kipimo cha barafu tabibu wa zahanati anakiweza. Na miadi ya mvuvi wa dagaa ipangwe kwa kutazama mwezi. Siku za giza yuko ziwani na taa zake, na mchana analala. Siku za mbalamwezi nyavu zinapumzika, naye yuko nyumbani. Tabibu akiandika miadi kwenye wiki hiyo, ana nafasi nzuri zaidi ya kuliona jino lile tena.